Beseni la Saluni na Vidole Visivyosikia

Ninyi vijana wa chuo mnaosomea plasta, kaeni vizuri kwenye mkeka. Na ninyi watoto wa jirani mliojipanga juu ya ukuta wangu mkidhani sijawaona, shukeni mje mkae pia. Habari hii ni yenu kuliko yao. Hawa wanafunga mifupa. Ninyi ndio mnaowapa kazi. Na hilo gome la mgomba mlilolificha nyuma ya ukuta nimeliona tangu asubuhi. Kwenye mteremko huu wa Lushoto niliteleza na magome kama hayo kabla baba zenu hawajazaliwa, na sikuwahi kuvunjika hata kidole, kwa sababu nilikuwa na akili.

Kabla sijaanza, angalieni ukutani. Ile iliyo kwenye fremu ni stashahada yangu. Siyo cheti cha kuhudhuria semina na kula samosa. Niliondoka hapa na begi ambalo zipu yake haikufunga. Johannesburg nikauza soksi na mikanda kando ya barabara ya Jules, kule Malvern. Nikawa mlinzi wa geti la kliniki moja pale pale. Nikaingia ndani kama mfagizi. Nikasoma jioni, wenzangu wakiangalia mpira, na nikatoka na stashahada ya ufundi wa plasta. Geti nililokuwa nikiwafungulia wengine kwa saluti, nikaja kufunguliwa kwa saluti. Sikubebwa na mjomba wala shangazi. Mkimaliza kuitazama, mnaweza kunywa chai.

Mmeniomba siri za kazi. Vijana wa siku hizi mnapenda siri kwa sababu mnadhani ni fupi. Haya, nitawapa.

Watu wa huku wakisikia Johannesburg wanafikiria dhahabu na majambazi. Mimi nafikiria mteremko. Juu kidogo ya mitaa ya Malvern kulikuwa na kiwanja cha majani kilichoinama kama paa la nyumba. Ikifika mwezi wa sita mvua zimeshasahaulika, baridi imekausha majani mpaka yamekuwa na rangi ya mkate, yamelala, yanateleza kuliko sabuni. Hapo shule zinafungwa. Wazungu wa nchi zenye theluji wana kigari maalumu cha kutelezea, kina kamba na kila kitu. Watoto wa Malvern hawakuwa na theluji wala kigari. Walikuwa na majani makavu na vyombo vya mama zao.

Kila kitu kilichobapa kilipanda kilima: maboksi ya ndizi, vifuniko vya mapipa ya taka, mlango wa friji, bango la mgombea wa uchaguzi likiwa limegeuzwa uso chini. Hilo la mgombea, watoto waliniambia, ndilo lililoteleza vizuri kuliko yote. Mwisho wa mteremko kulikuwa na uzio wa waya, na nyuma ya uzio kulikuwa na barabara. Uzio ndio uliokuwa breki. Hakukuwa na nyingine.

Kwa hiyo kila mwezi wa saba kliniki yetu ilijaa. Watoto wa Kikongo, wa Kizulu, wa Kizimbabwe, wa Kitanzania wachache ambao mama zao walinionea aibu. Wakongo ndio walionipa jina la Papa Plasta, na sikulikataa. Baada ya misimu miwili nilikuwa naweza kumtazama mtoto akiwa bado mlangoni nikamwambia alipanda nini. Aliyepanda boksi huja ameshika kifundo cha mkono, kwa sababu boksi husimama ghafla na mtoto huendelea, akatanguliza viganja. Aliyepanda kifuniko cha pipa huja ameumia kidevu na meno, kwa sababu kifuniko huzunguka na mtoto hufika chini akiwa ametangulia kichwa. Aliyepanda toroli la supamaketi huja amevunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, na huja amebebwa. Andikeni hayo, hamtayakuta kwenye vitabu vyenu.

Hakuna hata mmoja aliyekubali. Wote walianguka kwenye ngazi.

"Ulianguka wapi, mwanangu?"

"Kwenye ngazi, Papa Plasta."

Namtoa jani kavu kwenye nywele. "Ngazi zenu zimeota majani?"

"Za huku nyuma, ndiyo."

Na wazazi wao wamesimama pembeni wakitikisa vichwa, wakisema, "Sisi tulipokuwa wadogo hatukuwa hivi." Hiyo sentensi niliisikia kwa lafudhi za nchi zote. Kama ni kweli, basi bara hili lilijaa watoto waliokaa kwenye viti mikono magotini, wakingoja kukua.

Msidhani ni watoto tu. Jumapili moja aliletwa bwana mmoja Mkenya, mtu wa benki, anayekaa Randburg kwenye nyumba za geti la umeme. Alikuwa amekuja Malvern kumsalimia ndugu wa mke wake, akaona watoto kilimani, akawaonea huruma kwa kukosa vifaa. Yeye alikuwa amemnunulia mwanawe kigari halisi cha plastiki, chenye breki mbili za kuvuta kwa mkono. Alisoma karatasi ya maelekezo mpaka mwisho. Akamvika mwanawe kofia ngumu, glavu na pedi za magoti. Kisha akasema atangulie yeye aonyeshe.

Mtoto aliingia kliniki mzima kabisa, na kofia yake. Baba alibebwa, kifundo cha mguu kimegeuka upande, tai bado shingoni.

"Daktari," akaniambia, na mimi sikumkatiza, "nilikuwa namwonyesha tu vile breki inafanya kazi."

"Na inafanya?"

"Sana. Kigari kilisimama. Ni mimi niliendelea."

Nilimfunga mguu vizuri sana. Watu wenye digrii nawafunga kwa heshima, wajue kuwa stashahada nayo ni elimu.

Sasa ufundi. Aliyenifundisha plasta kabla sijaenda darasani, na hata baada ya darasa, ni Baba Sithole, Mzulu mwenye mikono mipana kama majembe, ambaye alikuwa katika chumba kile cha plasta tangu kliniki ilipofunguliwa. Siku yangu ya kwanza hakunipa mgonjwa. Alinifunga mimi mwenyewe plasta, kutoka kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko, akanipeleka nyumbani hivyo hivyo. Nilipanda ngazi za jengo letu kule Berea, lifti ikiwa imekufa kama kawaida yake, nikajaribu kupika ugali kwa mkono mmoja, nikajaribu kufungua zipu ya suruali. Asubuhi aliponikata plasta aliniuliza kama bado nataka kuwaambia wagonjwa "vumilia kidogo." Tangu hapo neno hilo silitumii.

Maji yawe ya uvuguvugu. Maji ya moto yanaifanya plasta igande haraka na kumchoma mgonjwa, na ninyi wenye haraka ndio mtakaoyapenda. Shikilia kwa kiganja, siyo kwa ncha za vidole, maana kila ncha ya kidole inaacha shimo, na shimo hilo kwa ndani ni kidole kinachombonyeza mgonjwa usiku na mchana. Usimwage maji ya plasta kwenye sinki. Kila mwanafunzi anamwaga mara moja, na fundi bomba anamtaja jina mpaka anastaafu. Msumeno wa kukatia unatetemeka tu, hauzunguki, haukati ngozi iliyolegea. Lakini usimweleze mtoto hayo, hatakuamini. Uwashe, uguse nao kiganja chako mwenyewe mbele yake, ucheke.

Na vidole. Baba Sithole alikuwa na jambo moja ambalo hakuliruka hata siku kliniki ilipofurika. Akimaliza kufunga, anabonyeza ukucha wa mgonjwa mpaka unakuwa mweupe, anaachia, anatazama wekundu unavyorudi. Anashika vidole aone kama vina joto sawa na vya upande wa pili. Kisha anagusa ncha ya kila kidole na kuuliza, "Uyezwa?"

Kizulu changu wakati huo kilikuwa cha kuuzia soksi. Nilijua ukuzwa ni kusikia, nikadhani anawauliza wagonjwa kama wameelewa maelekezo yake. Nilimwona ni mtu mwenye wasiwasi, kuuliza swali moja kwa kila kidole. Basi kwa kumsaidia nikawa namjibu mimi: "Yebo, baba." Anagusa kidole cha mgonjwa, mimi nasikia. Aliniacha hivyo wiki nzima, kisha akaniita mbele ya wauguzi.

"Ninyi wawili mna mkono mmoja?" akauliza.

Nikajifunza kwamba kwao neno la sauti na neno la ngozi ni hilo hilo. Nilipolala siku ile ndipo nikakumbuka kwamba hata sisi tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia maumivu. Lugha yangu mwenyewe nilikuja kufafanuliwa na Mzulu. Lakini nilifafanuliwa, wengine hawajafafanuliwa mpaka leo.

Halafu ikaja plasta ya rangi, ile ya nyuzi za kioo. Mnaijua ninyi, ndiyo mliyoanza nayo. Ile nyeupe ya zamani ilikuwa nzito kama tofali na ikilowa inakuwa uji, kwa hiyo mtoto aliyefungwa alikaa nyumbani atake asitake. Hii mpya ni nyepesi, ngumu, na inakuja kwa rangi ya waridi, bluu, kijani. Madaktari walifurahi. Walioitengeneza walidhani wametengeneza dawa. Watoto wa Malvern waliigonga mara moja ukutani, wakasikiliza, wakajua wameletewa kasia. Unakaa kwenye chombo chako, unachomeka mkono wenye plasta ardhini kushoto, unakata kona kushoto. Nilikata plasta zilizosuguliwa upande mmoja mpaka zikawa kama kisu.

Ndipo anapoingia Exaucée. Ilikuwa majira ya baridi ya 2017.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, macho makubwa, amezaliwa Johannesburg. Mama yake ni Mkongo wa Lubumbashi, ana saluni ya kusuka kwenye barabara ya Jules, na kwa desturi yao tulimwita Mama Exaucée. Mtoto alielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Siku ya kwanza aliletwa amevunjika kifundo cha mkono wa kulia, na kitu cha kwanza mama yake alichoweka juu ya meza yangu hakikuwa mkono huo. Kilikuwa beseni, lile la kuoshea nywele za wateja, lenye pengo la shingo, limepasuka katikati.

"Papa Plasta, angalia. Basani yangu."

"Mama, tuanze na mtoto."

"Mutoto atapona. Basani itapona?"

Mtoto alisema alianguka kwenye ngazi. Nikamuuliza kama alikuwa anashuka ngazi akiwa ndani ya beseni. Akafikiri kidogo, akasema ndiyo.

Mimi ni mtu wa mifupa, siwezi kukaa na mtu bila kumsoma. Mama Exaucée alipokuwa amekaa niliona kovu refu kwenye ugoko wake, limepinda, kovu la zamani ambalo halikushonwa vizuri. Nikamuuliza kwa adabu.

"Jembe," akasema, akavuta sketi. "Nilikuwa nalima. Sisi tulikuwa watoto wa kazi, hatukucheza hovyo."

Nikamfunga mtoto nusu plasta kwanza, ile ya kuegesha upande mmoja na bandeji, kwa sababu mkono uliovunjika leo utavimba kesho, na ukiuzungushia plasta nzima leo utakuwa umeujengea jela. Uvimbe uliposhuka, wiki iliyofuata, nikamfunga nzima. Alichagua rangi ya waridi. Nilipomaliza, mama yake alimwinamia akamwambia polepole, na ile polepole ndiyo iliyotisha:

"Ukirudi kule mulimani, nakupandisha basi. Unaenda Lubumbashi kwa Nkambo yako. Unakaa kule mpaka unaolewa."

Nkambo ni bibi. Exaucée alimjua bibi huyo kwa sauti ya simu tu. Lubumbashi kwake ilikuwa mahali ambapo hakuna rafiki yake hata mmoja, hakuna shule yake, na kila mtu anazungumza lugha ambayo yeye anaijua kwa masikio tu. Nilidhani ameelewa. Kweli alielewa, ila siyo tulichokitaka.

Jumatatu iliyofuata mama akarudi naye bila miadi. Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa. Mtoto alikuwa ameficha mkono ndani ya sweta, midomo mikavu. Mama alisimama katikati kama anayehubiri.

"Papa Plasta, nisaidie na uyu mutoto. Hasikii. Jana amevunja sahani yangu. Leo nimemuambia ashike kitana, anakiangusha. Nimemuambia aokote, anakiangusha tena, ananitazama. Ni makusudi. Hasikii, hasikii kabisa."

Watu wakaguna kwa huruma, huruma ya mama. Mzee mmoja fundi cherehani, mtu wa Bukavu, aliyekuja na mgongo wake, akasema watoto wa Joburg wote wameharibiwa na televisheni.

"Omba pardon," mama akamwambia mtoto. "Mbele ya watu wote. Na kwa Kiswahili, siyo kwa Kizulu yako."

Exaucée akatazama sakafu. Alikuwa anatafuta maneno, unaona kabisa anavyoyatafuta. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Vidole hasikii."

Chumba kizima kikacheka. Fundi cherehani alicheka mpaka akashika mgongo. "Vimerithi kwa mwenyewe," akasema. Mama naye, kwa hasira zote zile, mdomo ulimchezea. Mtoto alikuwa hajui kupatanisha maneno ya Kiswahili, basi alilichukua neno la mama yake kama lilivyo akalitumia, na kila mtu akadhani anafanya mzaha.

Mimi sikucheka. Niliutoa mkono ndani ya sweta.

Vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi za kuiva, kucha zina rangi ya zambarau. Vilikuwa baridi. Nilibonyeza ukucha ukawa mweupe, nikaachia, nikangoja wekundu urudi. Ukachelewa sana.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Jumamosi."

"Ulikuwa mlimani?"

Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, machozi yakamlenga, na akasema, "Ngazi."

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize, wakubwa na wadogo. Damu ikizibwa kwenye mkono, nyama inaanza kufa, na ikishakufa hakuna plasta wala stashahada ya kuirudisha. Vidole vinakunjika kama makucha ya kuku na vinabaki hivyo. Mtoto yule alikuwa amebeba maumivu ya aina ambayo wanaume wazima hulilia, kutoka Jumamosi mpaka Jumatatu, akiyaficha ndani ya sweta, kwa sababu tulimpa kuchagua kati ya mkono wake na basi la Lubumbashi. Alichagua kutopanda basi. Na alipojaribu mara moja tu kusema ukweli, tena kwa lugha tuliyomlazimisha aitumie, tulimcheka sarufi yake.

Nilimbeba mpaka chumba cha plasta, mama nyuma yetu akiuliza kuna nini, Baba Sithole akimwita daktari. Sikugusa kiganja changu kwa msumeno wala kutabasamu. Nilikata upande mmoja wa plasta, nikakata upande wa pili, nikaifungua kama ganda la karanga. Msijidanganye kwamba hapo umemaliza. Chini ya plasta kuna pamba na bandeji, nazo zikilowa na kukauka zinabana kama kamba. Unakata mpaka unaona ngozi. Yeyote atakayewaambia inatosha kulegeza plasta, mwulizeni stashahada yake iko wapi.

Lakini chini ya plasta hii kulikuwa na kitu kingine. Kitu cha rangi ya waridi, laini, kingi, kimesokotwa na kusukumwa mpaka kimekuwa kigumu kama gunzi. Kiligawanyika kwenye mkasi wangu, kikatoa mchanga na majani makavu.

Mama Exaucée akasogea. Akashika uzi mmoja kwa vidole viwili, vidole vya msusi, akauvuta kuujaribu.

"Ni meshi yangu," akasema. Meshi ndiyo wanavyoita nywele za bandia za kusukia. "Ya ile pakiti iliyopotea."

Mtoto sasa alikuwa analia wazi, na maneno yakamtoka kwa lugha zake zote kwa pamoja. Kukata kona kwa plasta kulikuwa kunaumiza, akatafuta kitu laini cha kuweka ndani. Alisukuma meshi kwa mkia wa kitana, kidogo kidogo, mpaka ikajaa. Kisha akapanda kilima. Mkono uligonga jiwe, ukavimba, na mahali pa kuvimbia pakawa pamejaa nywele. Alijaribu kuzivuta nyumbani, hazikutoka. Kwa hiyo hakuwa anatupa sahani. Sahani ilikuwa ikimtoka bila yeye kujua.

Nimefanya kazi na watoto wa mafundi, wa walinzi, wa wachungaji. Ni mtoto wa msusi peke yake anayeweza kupata wazo hilo, na kulitekeleza vizuri namna ile.

Nilikata uzi wa mwisho. Ngozi ilikuwa na michirizi kama kikapu. Daktari aliingia, akautazama mkono, akauinua juu, akaniambia tungoje kidogo. Wekundu wa kucha usiporudi, hospitali, na ataingizwa kisu. Mama alisikia neno kisu akashika ukuta.

Tukangoja. Baba Sithole alisimama mlangoni, alikuwa ananitazama mikono.

"Fumba macho," nikamwambia mtoto. Nikagusa kidole gumba. "Unasikia?"

Akatikisa kichwa.

Cha pili. Akatikisa kichwa. Cha kati. Cha pete. Nilirudia tangu mwanzo. Kucha zilikuwa zimeanza kubadilika, lakini mimi siamini kucha peke yake. Mama alikuwa anaomba kwa Kifaransa, chini chini, haraka. Niligusa kidole cha mwisho, kile kidogo, ubavuni.

"Nasikia," akasema.

Nikagusa tena.

"Nasikia. Mama, nasikia."

Mama Exaucée akaacha kuomba. "Umeanza leo?" akasema, kisha akakaa chini, pale pale sakafuni, akafunika uso kwa kitambaa cha kichwa.

Vidole vingine vilifuata, kimoja baada ya kingine, kwa kelele nyingi, maana damu ikirudi inauma kuliko ilipoondoka. Daktari alipiga picha nyingine. Mfupa ulikuwa umesogea kidogo tu. Mkono ulikuwa umepona hatari. Nikafikiri na habari imeisha. Lakini wazazi wakishatoka kwenye hofu hukumbuka hasira.

"Bon," mama akasema, akasimama, akapangusa sketi. "Nilisema basi. Itakuwa basi."

Akatoa simu ampigie bibi. Simu yake ilikuwa imekufa spika ya sikioni, ilisikika kwa sauti kubwa tu, kwa hiyo sote tulisikia ikiita Lubumbashi, na sote tulisikia bibi akipokea. Mama akamweleza: mutoto ameshindikana, amevunjika muguu wa mkono, hivyo ndivyo alivyosema kwa kuchanganyikiwa, kwa kuteleza kwenye mulima, na basani yangu, na meshi yangu, namuleta kwako.

Upande wa pili bibi akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiye na meno mengi.

"Mulete," bibi akasema. "Mulete nimuonyeshe fasi, pale wewe ulipasukia muguu, kwenye mulima mweusi wa mabaki ya shaba. Nilikufunga na kitenge yangu ya kanisa. Na umuambie mutoto aniulizie, mpaka leo niko natafuta bati ya jikoni yangu."

Mtoto akamtazama mama yake ugoko. Mimi pia niliutazama. Baba Sithole, ambaye hajui neno hata moja la Kiswahili, naye akatazama, kwa sababu sisi tulikuwa tunatazama.

"Jembe," nikasema.

Mama Exaucée akakata simu. Akaitia kwenye mkoba taratibu, akafunga mkoba, akanyosha sketi.

"Papa Plasta, funga huo mukono. Nusu, kama mwanzo. Na ukija kufunga nzima, weka ile nyeupe ya zamani. Ile nzito."

Habari ya basi haikutajwa tena, siku ile wala baadaye. Nilikwenda kwenye sinki kuandaa maji ya uvuguvugu, nikiwa nimewapa mgongo. Wagonjwa hudhani fundi akikupa mgongo hakusikii. Nyuma yangu nikamsikia Exaucée, kwa Kiswahili, bila kulazimishwa na mtu:

"Mama. Bati ilikuwa nakimbia sana?"

Nilikunja plasta, nikaikamua, nikageuka. Mama alikuwa ameushika mkono wa mtoto ulio mzima, anautazama mlango kama anaogopa mtu ataingia.

"Kuliko basani," akasema.